Bandeji za ngumi: ipi ununue, ipi uachane nayo

Wadau mnaoanza ngumi, kabla hujaanza kuwaza glovu kali waza kwanza bandeji, ile unayozungushia mkono ndani ya glovu. Mkono mmoja una mifupa 27 na glovu kazi yake ni kupunguza kishindo tu, kinachoibana hiyo mifupa ikae pamoja ni bandeji, na ule mfupa wa chini ya kidole kidogo ndo unaovunjikaga sana ukipiga begi la ngumi vibaya.

Urefu ndo kila kitu. Mi ya kwanza niliuziwa fupi, pakiti imeandikwa mita 4.5, nafika home nazungusha kifundo cha mkono mara tatu, juu ya vifundo vya vidole mara tatu, imeisha, kati ya vidole hata sijapita. Siku hizi napima hukohuko dukani kizamani, nanyoosha mikono pembeni, ncha ya mkono huu hadi huu ndo pima moja: pima mbili na nusu hapo ndo kwenye 4.5, ikigota pima moja na nusu hiyo ni ya 2.7. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Namba moja kwangu ni ya pamba iliyochanganywa na lastiki kidogo, mita 4.5, wenyewe wanaiita ya Kimeksiko. Inavutika, inafuata umbo la mkono, haikunji kunji. Ila usiivute kwa nguvu zote kisa inavutika, vidole vikianza kufa ganzi fungua uanze upya, na funga ukiwa umetanua vidole, maana ukikunja ngumi ndo inakaza.

Namba mbili pamba tupu, urefu uleule. Bei nafuu, inadumu, inanyonya jasho vizuri, shida yake inalegea katikati ya mazoezi kama hujajua kufunga. Kama hela ni ya mawazo chukua hii bila aibu, mabondia kibao wamekulia kwenye hizi.

Ya mita 2.7 naiweka ya tatu, na ni kwa watoto au mwenye mkono mdogo kweli. Mtu mzima na kiganja chako kama sahani unaitaka ya nini?

Namba nne zile za kuvaa kama glovu ndogo zenye jeli. Unavaa sekunde kumi umemaliza, kwa mtu wa jimu anayepiga begi kidogo kujifurahisha poa, lakini kifundo cha mkono hakibanwi ipasavyo na bei yake imechangamka.

Ya mwisho bandeji ya famasi, ile ya kufungia mguu ulioteguka. Haina kitanzi cha kidole gumba, haina velkro ya kunata ya kufungia mwisho, inavutika mno mpaka inakuwa kama haipo. Siku moja ya dharura sawa.

Shashi na plasta siziwekei namba kabisa, hizo za siku ya pambano la kulipwa, unafungwa na kocha huku msimamizi anakodoa macho. Na wana sababu, Januari 2009 kule Los Angeles bondia Antonio Margarito alikutwa na vipande vigumu ndani ya bandeji kabla ya kupanda ulingoni na Shane Mosley, akafungwa upya, akachapwa raundi ya 9, afu leseni ikafutwa juu.

Ukiwa dukani vuta kitanzi cha gumba uone uzi wake, bandika velkro ubandue mara kadhaa, ikishika kimagumashi rudisha. Nunua jozi mbili ukiweza, moja ikiwa imeanikwa, nyingine mkononi, maana ukiikunja na jasho ukaitupia kwenye begi hiyo harufu hata wa kusparingi naye atakukimbia. Kufua, funga velkro kwanza, la sivyo zitanasana na nguo za watu.