TAHADHARI: Huyu anayeuza "kufuli ya SMS" ni tapeli

Nimekaa siku nne nikijiuliza niandike au nimeze aibu yangu. Naandika. Ya Jumapili mliyaona wenyewe, akaunti zangu zilivyotekwa. Mlioombwa hela kwa jina langu, nisameheni, sikuwa mimi.

Huyu bwana anauza programu anayodai inafunga SMS zako zisisomwe na mtu mwingine. Hakuna aliyenilazimisha, nilimpigia mwenyewe. Sauti ya upole, "dada yangu" kila neno la tatu, hana haraka. Akaniambia SMS za kawaida hazina siri, kampuni ya simu inaweza kuzisoma zikipita. Na hilo ni kweli! Ndipo aliponipata, maana alianza na ukweli. Akanitumia faili, nikalisakinisha. "Andika chochote, dada." Nikaandika "habari za asubuhi". "Haya, bonyeza kikufuli." Kubonyeza tu, maneno yakageuka vurugu ya herufi na tarakimu, mstari mzima. Nikabonyeza tena, habari za asubuhi hiyo imerudi. Jamani, nilicheka kama mtoto. Akataja AES, njia ya kufunga ujumbe kwa siri, biti 256, nami naitikia "ee, ee" kana kwamba najua. Nikalipa palepale. Tena nikamshukuru, nikamwita mwalimu!

Programu ikaomba iwe ndiyo ya kupokea SMS zangu zote. Nikakubali. Nywila ya kufungulia, akasema nimwachie na yeye nisije nikaisahau. Nikamwachia. Chekeni tu.

Kumbe alichotaka ni zile namba za uthibitisho zinazokuja kwa SMS. Alikuwa anazisoma na kuzifuta, mimi sioni hata moja. Akaunti zikaanza kunifungia nje moja baada ya nyingine, nami nimelala fofofo, najiona nina ulinzi.

Kinachoniuma zaidi, mdogo wangu aliniuliza siku moja kabla: "Mbona SMS zako nazisoma vizuri na mimi hiyo programu sina?" Nikamjibu hajui teknolojia. Mtoto alikuwa sahihi. Ujumbe uliofungwa hausomeki mpaka mpokeaji awe na ufunguo wake; akiusoma hivihivi, hakuna kilichofungwa. Lile la kikufuli lilikuwa mazingaombwe ndani ya simu yangu mwenyewe. Na mimi nimelipia wakati Signal, programu ya kutumiana ujumbe uliofungwa, ni ya bure, na WhatsApp inafunga mazungumzo mwanzo hadi mwisho tangu 2016. Zote mbili zina zile tarakimu 60 za kulinganisha na mwenzako, mkahakikisha hakuna mtu katikati yenu. Ya huyu haikuwa na cha kulinganisha. Faili nalo alinitumia yeye, halikutoka kwenye duka la programu, sijui kwa nini halikunishtua.

Nimesharipoti. Namtaka mbele ya hakimu, na dhamana asipewe! Arudishe kila shilingi ya watu, kisha akae ndani mpaka asahau simu inashikwaje. Ameshabadilisha jina na picha mara mbili, lakini "dada yangu" ni ileile. Akikupigia usimtukane akakimbia. Mrekodi, piga picha za skrini, niite.