Kiko kikishavutwa hakirudi: uzoefu wangu wa kununua viko vilivyotumika mtandaoni

Kwa muda wa mwaka mmoja uliopita nimenunua viko vitatu vilivyotumika kutoka kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale aliyeko Arusha, ambaye duka lake lote limo ndani ya simu. Kimoja ninacho hadi leo na sina neno nacho. Viwili niliomba kuvirudisha: cha kwanza nikakataliwa, na nakiri kwamba nilistahili kukataliwa, cha pili kikapokelewa na fedha zangu zikarudi, ingawa si kwa mwendo niliotarajia. Naandika haya kwa sababu wapo wenzangu hapa Mwanza, wachache lakini wapo, wanaopenda viko vya zamani na wanaovinunua kwa kutazama picha tu, kisha mzigo ukifunguliwa ugomvi unaanza.

Utaratibu wa muuzaji huyu ni ule uliozoeleka. Anaweka picha na bei, unamwandikia kwa WhatsApp, mkikubaliana unamtumia fedha kwa simu, naye anaukabidhi mzigo kwa wakala wa basi. Basi linaondoka Arusha alfajiri, linapita Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, na usiku huohuo au kesho yake asubuhi unapigiwa simu ukachukue mzigo wako stendi ya Nyegezi. Viko vya mti nilivinunua kwa shilingi 35,000 kila kimoja, nauli ya mzigo ikiwa 5,000. Ufungaji wake ni mzuri, na lugha yake ni ya adabu. Ni kijana ambaye hata ukimwandikia kwa hasira ataanza na shikamoo.

Ili tuelewane, nitaita bori lile bakuli linalowekwa tumbaku, shingo ile sehemu inayotoka kwenye bori, na mrija ile sehemu nyeusi ya mpira mgumu inayoingia mdomoni. Wazee wa Pwani, kwenye kiko chao cha kifuu cha nazi na maji, walikuwa na bori, digali na shilamu, kila kipande na jina lake. Sisi wa Ziwa tumebaki kuonyesha kwa kidole.

Kiko cha kwanza kilikuwa cha briari, yaani gogo la mzizi wa kichaka kinachoota katika nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, mti mgumu usioshika moto kwa urahisi. Kilifika siku ya Alhamisi. Jioni ileile nilikwangua ukoko wa masizi uliokuwa ndani ya bori kwa kisu kidogo, nikakifuta, nikakijaza tumbaku na kukaa nacho barazani nyumbani kwangu Mabatini. Ijumaa nikakivuta tena. Jumamosi nikahisi joto lisilo la kawaida kwenye vidole, na nilipokigeuza nikaona ufa mwembamba kama unywele ukipanda kutoka chini ya bori. Nikamwandikia muuzaji papo hapo, kwa maneno ambayo sasa yananitia haya, nikidai fedha zangu zote pamoja na nauli.

Jibu lake lilikuwa fupi: “Shikamoo mzee wangu. Pole sana kwa hilo. Ila umeshakivuta, na ukoko umeshautoa. Mimi nitajuaje kama ufa ulikuwepo?”

Nilimwona mjanja. Nilipotulia nikaona kwamba swali lake halina jibu. Ukoko ule wa masizi, ukiwa mnene, huweza kuficha ufa, lakini pia hulinda kuta za bori dhidi ya moto. Mtu akiukwangua wote kwa pupa kisha akawasha moto mkali, anaweza kuupasua mti mwenyewe bila kujua. Kwa hiyo mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeharibu ushahidi wote, wa kwake na wa kwangu. Tena lipo jambo la mdomo. Bibi yangu, aliyeishi Magu, alikuwa na kiko chake ambacho hata babu hakukitia mdomoni, na watoto tulikijua kwa mbali tu. Kitu kilichoingia mdomoni mwa mtu ni cha mtu huyo. Kiko kilichotumika hununuliwa kwa kuvumilia kwamba mtu mmoja wa zamani alikitumia. Muuzaji akikipokea tena kutoka kwangu na kumuuzia wa tatu bila kusema, atakuwa amemdanganya, na akisema, bei itashuka kwa sababu yangu.

Jambo hili tunalifahamu vizuri tunapokwenda kuchagua nguo za mitumba pale Mlango Mmoja. Hakuna anayelipa kabla ya kuivuta zipu, kuigeuza nguo ndani nje na kutazama kwapani, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba ukishaondoka nayo umeondoka nayo. Kwenye simu hakuna pa kugeuza nguo ndani nje, ndiyo maana hurudishwa vitu; lakini nafasi ile ya kurudisha ni badala ya kule kugeuza na kutazama. Siyo nafasi ya kwenda kuivaa harusini kwanza.

Kiko cha pili nakipita haraka. Mrija wake ulifika ukiwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na ukiunusa unatoa harufu ya kiberiti. Rafiki yangu mmoja alinishauri nikirudishe. Nilikataa, kwa sababu mpira ule mgumu hutengenezwa kwa kuchanganya mpira na salfa, na ukikaa miaka mingi kwenye mwanga lazima ubadilike rangi hivyo. Ni uzee, si ubovu, na hutoka kwa kusugua kwa subira. Vivyo hivyo alama za meno zilizoonekana kwenye picha, harufu ya tumbaku ya mwenye nacho wa kwanza, au kiko kuwa kidogo kuliko ulivyokidhania wakati vipimo viliandikwa: hayo si ya kumrudishia mtu mzigo wake. Kama moyo umekataa tu, sema hivyohivyo kwamba moyo umekataa, na uwe tayari kulipa nauli ya kwenda na ya kurudi.

Cha tatu ndicho kilichoniuma. Kilikuwa na chapa ya Kiko, pamoja na alama ya tembo na jina la Tanganyika. Wasiovijua hawatanielewa, kwa hiyo naomba nieleze kidogo. Viko hivi vilitengenezwa hapa nchini kwa jiwe la meashamu kutoka bonde la Amboseli, kule mpakani na Kenya, na vikauzwa hadi Ulaya vikiwa na neno letu wenyewe la Kiswahili kama jina la biashara. Meashamu ni jina la Kijerumani lenye maana ya povu la bahari. Ni jiwe jepesi lenye vitundu vidogo mno, linalofyonza mafuta ya tumbaku na kubadilika rangi taratibu kadiri kiko kinavyovutwa. Duniani linajulikana zaidi lile jeupe la Eskişehir, Uturuki, ambalo huchongwa sura za watu na wanyama. Letu mara nyingi lilitiwa rangi ya kahawia au nyeusi, na baadhi ya viko vilivikwa ngozi kwa nje. Kwa kuwa jina la nchi lilibadilika mwaka 1964, neno Tanganyika kwenye shingo ya kiko si kitu cha kupita bila kusimama. Muuzaji alitaka shilingi 120,000. Nililipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo mke wangu amenikumbusha mara kadhaa.

Safari hii sikurudia kosa. Niliufungua mzigo palepale kwenye meza ya wakala wa mizigo Nyegezi, kijana wake akinishikia simu na kupiga video tangu kamba ilipokatwa. Sikukitia mdomoni. Sikukifuta hata vumbi. Nyumbani nilikaa dirishani panapoingia jua la asubuhi, nikauzungusha mrija polepole hadi ukatoka, na hapo ndipo nilipoona: kwenye mdomo wa shingo, mahali mrija unapoingilia, palikuwa na mstari uliong’aa tofauti na jiwe lenyewe. Nilipoupitisha ukucha juu yake ulikwama kidogo, halafu ukateleza. Ilikuwa gundi. Mtu alikuwa ameunga ufa, akapaka nta ya rangi ya kahawia juu yake, na mrija ukirudishwa mahali pake huoni chochote. Niliingiza waya mwembamba wenye nyuzi za pamba kupitia tundu la moshi nikaona unapita bila shida. Kwa hiyo ubovu ulikuwa huo mmoja tu, lakini uko mahali pabaya kuliko pengine pote, kwa sababu kila unapotoa na kurudisha mrija unausukuma ufa.

Nilipiga picha tatu, moja ikiwa na sarafu ya shilingi mia mbili kando ya ufa ili ukubwa ujulikane, nikasubiri hadi baada ya chakula cha mchana hasira ipoe, kisha nikaandika: “Kijana wangu, habari za tangu juzi. Mzigo nimeupokea salama, na nakushukuru kwa ufungaji. Kiko sijakivuta wala kukisafisha. Ila shingoni kuna ufa ulioungwa kwa gundi, ambao haukuonekana kwenye picha wala hukunieleza. Nakutumia picha na video ya kufungua mzigo. Sidhani kama uliufahamu. Naomba nikurudishie, nawe unirudishie fedha.” Sentensi ile ya kutodhani kama aliufahamu ndiyo iliyofanya kazi, na niliiandika kwa dhati: yeye hununua makasha mazima ya vitu vya marehemu, na si mtaalamu wa viko.

Alinijibu jioni kwamba kweli hakuujua ufa huo, akanipa hiari mbili: nibaki nacho anirudishie shilingi 50,000, au nikirudishe anirudishie fedha zote. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nilikitaka kiko kile. Lakini mtu akishakubali punguzo amekubali na ubovu, na hawezi kurudi mwezi ujao shingo ikikatika akalalamika tena. Nikachagua kukirudisha.

Kukifunga nako kuna adabu yake. Niliutenga mrija na shingo, nikavifunga mbalimbali kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu vikiachwa vimeungana na kasha likabanwa na gunia la dagaa kwenye buti la basi, panapovunjika ni palepale kwenye maungio. Sikukigusa kwa maji wala kwa spiriti. Meashamu ikilowa hulainika, na kile ninachorudisha lazima kiwe kama nilivyokipokea, na uchafu wake. Nilitumia kasha lake lilelile. Nikalipa nauli mimi kwanza, nikamtumia picha ya risiti ya wakala siku hiyohiyo, na nikamwambia basi litafika saa ngapi ili asije akaambiwa mzigo haujulikani.

Hapa ndipo lawama yangu kwake ilipo. Mzigo ulifika Jumanne. Nilijua kwa sababu nilimpigia wakala. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Ujumbe wangu ulisomwa na haukujibiwa. Fedha ziliingia Ijumaa usiku, shilingi 120,000 kamili pamoja na nauli zote mbili, zikiambatana na maelezo kwamba alikuwa msibani. Namwamini. Hata hivyo anayeshika kitu na fedha za mwenzake kwa wakati mmoja anapaswa kuandika angalau neno moja, “nimepokea,” na neno hilo halimzuii mtu kuzika. Katika siku zile tatu walikuwepo walionihimiza nikaandike chini ya picha zake kwamba ni tapeli. Nilikataa. Maneno ya namna hiyo yakishaandikwa hayafutiki hata fedha zikirudi, na ningekuwa nimemvunjia biashara mtu aliyekuwa makaburini.

Kwa hiyo nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja naizuia kwa sababu ya ukimya, na kwa sababu picha zake hazionyeshi kamwe ndani ya bori wala maungio ya shingo mrija ukiwa umetolewa, sehemu mbili ambazo mnunuzi wa kiko huzitaka kabla ya nyingine zozote. Pia hatangazi muda wa kurudisha; nilipomuuliza ndipo aliposema ni siku tatu tangu kupokea, muda unaotosha kabisa kwa mtu anayekagua kabla ya kuvuta, lakini ulipaswa kuandikwa kando ya bei.

Kile kiko chenye tembo amekiweka tena sokoni kwa shilingi 60,000. Safari hii ameandika wazi kwamba kimeungwa shingoni, na picha ya pili ni ile yangu yenye sarafu. Hakuniomba ruhusa, lakini sikumwambia kitu.