Sahani ya visima 96 isiyoshika seli: nzuri, ila ina vituko vyake

Nipo likizo nyumbani Ujiji, na begini nimekuja na sahani moja iliyopitwa na muda, ile ya plastiki ya maabara yenye vishimo vidogo 96 (ndivyo visima) vya kuoteshea seli. Shangazi kaigeuzageuza, kaniuliza, "Mwanangu, humu mnagandishia nini?" Nikamwambia tunafinyangia vitonge vya mafuta. Akacheka, akanionyesha dumu lake la mawese.

Haya, kwa wenzangu wa maabara mnaofikiria kuinunua. Mimi niliitumia kuotesha seli za mafuta kwa utafiti wa unene. Kwenye sahani ya kawaida seli hujibandika chini, zikatandaa kama chapati. Hata ukizipa insulini na deksamethasoni za kuzichochea zijaze mafuta, zinaishia kujaa vijitone vidogo vidogo. Seli ya mafuta mwilini haiko hivyo: ni tone moja kubwa, kiini kimebanwa pembeni. Kwenye hii, kitako cha kisima ni cha mviringo na kimepakwa kitu ambacho seli haziwezi kukishika. Zikikosa pa kushika, zinashikana zenyewe. Nilikuwa natia seli 5,000 kila kisima, na siku ya tatu nikichungulia kwa hadubini nakuta kitonge kimoja, duara safi. Baada ya wiki tatu matone yalikuwa yamenenepa kuliko ya sahani ya kawaida. Hapo sina neno.

Usizidishe seli, lakini. Mara moja nilitia 20,000 kwa tamaa. Nilipokikata kitonge, katikati zilikuwa zimekufa. Oksijeni haipenyi mbali.

Kero kubwa ni kulisha. Utelezi uleule unaokupa kitonge ndio unaokunyang'anya. Badilisha nusu tu ya majimaji ya chakula cha seli, pipeti (mrija wa kuvutia majimaji) iegemee ukuta wa kisima, vuta taratibu. Siku moja nilikuwa na haraka, nikavuta, visima kumi na kimoja vikabaki vitupu, kazi ya wiki mbili ikaingia kwenye chupa ya taka. Na kadiri seli zinavyoshiba mafuta ndivyo kitonge kinavyokuwa chepesi, kikiguswa kidogo tu kinanyanyuka. Juzi Shangazi kamimina mawese kwenye sufuria ya maji ya kisamvu, yote yakapanda juu. Nikajikuta nacheka peke yangu jikoni.

Halafu visima vya ukingoni hukauka upesi. Mimi nilivijaza maji safi yaliyochemshwa kwa mvuke, nikavisamehe. Vipo 36, kwa hiyo unalipia 96 unatumia 60, na bei yenyewe ni mara kadhaa ya sahani ya kawaida.

Kwa jaribio la wiki mbili tatu, chukua. Ukitaka seli zikae miezi, tafuta jeli ya kuzishikilia. Nimeipa nyota nne. Ya tano imeondoka na vile visima vya ukingoni.

Hii ya begini Shangazi kaiomba apangie shanga zake, kila rangi na kisima chake. Kanisifia na mfuniko.