Boksi la pawa saplai linasema wati 650, kibandiko kinasema 240: niliyoyapata duka moja Mwanjelwa

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndiyo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mpiga video za sherehe hapa Mbeya. Send-off, harusi, ubarikio, na msimu ukikubali naitwa hadi Tukuyu na Njombe. Usiku kazi zikiisha nacheza gemu. Laptop yangu ya zamani ilikuwa inakesha ikirenda sherehe moja, yaani kugeuza vipande kuwa video kamili, kwa hiyo mwaka jana nikaanza kuunga kompyuta yangu mwenyewe, kifaa kimoja kimoja kila nikilipwa. Prosesa Ryzen 5 5600. Kadi ya picha RTX 3060, ile ya GB 12, binamu yangu alininunulia Kariakoo ikapanda na basi ikiwa imeviringishwa blanketi. Niling'ang'ania GB 12 kwa sababu DaVinci Resolve, programu ninayohariria video, inakula sana kumbukumbu ya kadi, na ukiwa na picha za 4K kadi yenye kumbukumbu ndogo inakugomea kazi ikiwa katikati. Hivyo vyote nilivisoma, nikauliza, nikavihangaikia. Ikabaki pawa saplai tu, kile kifaa kinachogawa umeme kwa vingine vyote.

Nikaenda duka moja Mwanjelwa. Silitaji jina, wanaopita pale wanalijua. Kulikuwa na boksi jeusi zuri, limeandikwa 650 kubwa kabisa, shilingi 75,000. Nikalinyanyua, nikaliona jepesi. Nikamwomba muuzaji alifungue nisome kibandiko cha ubavuni. Hata hakuinua macho kwenye simu yake.

"Dada, ukifungua umenunua."

Nikamwambia nataka kuona ampea za volti 12 tu, njia inayolisha kadi na prosesa, basi. Hapo ndipo akaniangalia. Akacheka na mwenzake, akasema, "Mwambie shemeji aje mwenyewe, nitamwelewesha."

Hakuna shemeji. Mashine ni yangu na hela ni yangu, kila shilingi imetokana na kusimama ukumbini usiku mzima na kamera begani. Nilitakiwa kutoka pale saa ile ile. Lakini nilikuwa na send-off ya kukabidhi, duka jingine lilikuwa limeishiwa, nikalipa. Akanipa kikaratasi kilichoandikwa kwa peni. Nilipodai risiti ya mashine akasema mtandao unasumbua.

Wiki za mwanzo ilikwenda vizuri, na hapo ndipo kifaa kibovu kinapokudanganya. Ukiwa unakata na kupanga vipande, kadi haivuti umeme mwingi. Siku niliyobonyeza kurenda ile send-off, mashine ikazima papo hapo. Nikawasha, ikazima tena. Nikasafisha feni, nikabadilisha waya, nikachomeka sehemu nyingine. Mara ya tatu ulitoka mlio mfupi chini ya meza, kama kiberiti kinachowashwa, halafu harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumba kizima. Nikaruka kung'oa waya ukutani. Mikono ilikuwa inatetemeka hadi nikashindwa kuishika simu.

Mazabodi, ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, ilikufa papo hapo. Kadi ilipona, namshukuru Mungu.

Niliyabeba yote kwa fundi mmoja mzee pale Sokomatola. Alipoichomoa pawa saplai kutoka kwenye kesi akakigeuza kibandiko, akaniambia, "Soma mwenyewe, mwanangu." Volti 12, ampea 20. Zidisha: wati 240. Kadi yangu peke yake ikifanya kazi kwa nguvu inafika 170. Jumlisha prosesa, mazabodi, diski na feni, uone kama kinabaki kitu. Wakati wa kuifunga ndani ya kesi sikukisoma, kibandiko kilikaa upande wa chini na nilikuwa na haraka. Hilo naliumia hadi leo.

Kisha akafungua kifuniko. Nataka kila anayeunga mashine angeona nilichokiona. Ubao una nafasi zilizochorwa alama, hapa koili, hapa kapasita, zile za kuchuja umeme, na vifaa vyenyewe havipo. Matundu mawili matupu. Pengine wameunganisha kwa kipande cha waya tu, kama mtu anayeziba ufa kwa karatasi. Mzee alikuwa anaonyesha kwa ncha ya bisibisi, kimya kimya, moja baada ya nyingine. Ndaga fijo (asante sana) kwake, maana hata hela ya kufungua hakuichukua.

Nikarudi dukani. Yule yule. Kwanza akasema mashine "imepata joto". Joto, Mbeya, mwezi wa saba! Nilikuwa nimesimama mbele yake na sweta na koti juu yake. Halafu akasema ni umeme wa mtaani kwetu. Nikamwambia nina stabilaiza. Akanyoosha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Akaendelea na simu yake.

Ile send-off nilichelewa kuikabidhi. Mama wa binti alinipigia mara tatu, wageni wa Songea walikuwa wanaondoka na walitaka kuiona kwanza. Nilirudisha nusu ya malipo.

Sasa niwe mkweli. Ramu (kumbukumbu ya mashine) na SSD (diski) nilivyonunua duka hilo hilo vinafanya kazi hadi leo, na bei yao ilikaribia ya Kariakoo. Kijana anayemsaidia ni mstaarabu, alinichagulia ramu mbili zinazofanana bila kuombwa. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kuandika hivi: kwa vitu vidogo nendeni, pawa saplai tafuteni kwingine. Mimi nimeshanunua nyingine ya 210,000, nzito mkononi, kibandiko nilikisoma kabla ya kutoa hela, na haijazima hata mara moja.

Lakini juzi juzi nilipita pale. Yale maboksi meusi bado yapo, bei ile ile. Kijana wa chuo alikuwa ameshika moja. Nikaingia, nikamwambia omba wakufungulie usome ampea za volti 12, ukikatazwa usinunue. Muuzaji akasema kwa sauti, "Huyo dada ana chuki zake, achana naye." Kijana akanitazama, akamtazama yeye, akasema hana zaidi ya hiyo sabini na tano.

Akalipa mbele yangu, boksi halijafunguliwa.

Yale ya ramu na SSD nayafuta. Msiende.