Blueman au bluetoothctl: Bluetooth ikikataa kuwaka kwenye Linux

Kompyuta za mitumba zinazouzwa Birere, hapa Goma, Linux inazifaa sana. Kinachosumbua ni Bluetooth.

Blueman, programu ya kuendesha Bluetooth kwenye Linux, ina dirisha na vitufe: unabofya, unatafuta spika, unaunganisha. Kwa matumizi ya kila siku inatosha. Lakini adapta (kifaa cha Bluetooth chenyewe) ikikataa kuwaka, mara nyingi haikuelezi sababu.

Hapo nachagua bluetoothctl, programu ya kuandika amri kwenye terminal, bila kusita. Andika `power on`. Ikijibu `org.bluez.Error.Blocked`, usihangaike na draiva, adapta imefungwa. `rfkill list` itakuonyesha: "Soft blocked: yes" unaifungua kwa `rfkill unblock bluetooth`, ila "Hard blocked: yes" haisikii amri, tafuta swichi ya kompyuta yenyewe. bluetoothctl ikisema "No default controller available", hilo ni jambo jingine: angalia hali ya huduma ya Bluetooth kwa `systemctl status bluetooth`, kisha ujumbe wa kernel kwa `dmesg`, huenda faili la famwea (programu ya ndani ya adapta) halipo.

Adapta ya USB inayojizima ovyo? Jaribu `enable_autosuspend=0` kwenye moduli ya btusb, yaani draiva ya adapta za Bluetooth za USB. Itakula betri kidogo, na umeme wetu mnaujua.

Ili Bluetooth iwake yenyewe kila ukiwasha kompyuta, weka `AutoEnable=true` ndani ya `/etc/bluetooth/main.conf`.