Utumbo uliobana baada ya upasuaji: puto au kisu tena?

Mshono wa utumbo mpana ukipona kwa kovu gumu, njia hubana. Choo hutoka chembamba, tumbo hujaa gesi, mtu hushinda chooni bila kumaliza haja.

Kovu likiwa fupi, mimi ningeanza na puto. Daktari hupitisha kamera kwa njia ya haja kubwa, huweka puto katikati ya kovu, hulijaza maji hadi upana wa milimita 18 au 20 hivi, hulishikilia dakika moja au zaidi, kisha hulitoa. Hakuna kisu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila kovu hupenda kubana tena, kwa hiyo huenda ukarudia mara kadhaa. Mara chache utumbo hutoboka: ukipata homa au maumivu makali ya tumbo, kimbia hospitali usiku huohuo.

Kupasua tena huondoa kovu lenyewe, lakini ni nusu kaputi, siku za kulazwa, pengine na mfuko wa kukusanyia choo uliobandikwa juu ya tumbo kwa miezi. Hufaa kovu likiwa refu, njia ikiziba kabisa, au puto likishindwa.

Aliyepasuliwa kwa sababu ya saratani aulize kwanza kama kinyama cha palipobana kimepimwa, maana uvimbe uliorudi nao hubana vivyo hivyo.