Tahadhari kwa wanaotaka kukodi mashua ya matanga Kroatia: msimlipe mtu huyu

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa bado na hasira, na sikusudii kungoja zipoe, kwa sababu nimesikia kwamba kuna familia nyingine hapa Hamburg zilizo katika mazungumzo na mtu huyuhuyu kuhusu safari ya kiangazi. Msimlipe. Yule mwanamume wa makamo anayezungumza Kijerumani kilichonyooka, anayejitambulisha kuwa wakala wa mashua za matanga katika mwambao wa Dalmatia, baina ya Split na Trogir, hana mashua hata moja, hana ofisi, na fedha akishazitia mkononi halipatikani tena kwake jibu wala salamu. Sisi ametuchukulia yuro 7,400, yaani kodi ya wiki moja ya Agosti pamoja na kile alichokiita amana, kisha akatuacha gatini na watoto, mizigo na mama yangu mzazi, jua likiwaka.

Ninachotaka mkielewe ni namna alivyotunasa, kwa sababu nimeshaanza kusikia watu wakisema chinichini kwamba wao wasingedanganyika.

Jioni ile tulikuwa sebuleni sote: Mama Salma, watoto, mama, na shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye leseni na ndiye angekuwa nahodha wetu. Simu ya video ikaita. Mtu wetu alikuwa amesimama juu ya gati, nyuma yake milingoti imepangana safu kwa safu, na upepo ulikuwa ukizigongesha kamba kwenye milingoti hiyo ya alumini hata mama akauliza zile ni kengele za nini. Akaigeuza kamera polepole, akatuonyesha katamarani aina ya Lagoon 42, mashua ya matumbo mawili yaliyounganishwa, ya karibu mita 13 yenye vyumba vinne vya kulala, akalisoma jina lililoandikwa nyuma, kwenye tezi yake, akatuambia tulilinganishe na lililomo katika mkataba aliokwisha kututumia. Tukalilinganisha herufi kwa herufi. Likawa ndilo. Mwanangu Salma akamwomba amwonyeshe ule wavu wa omoni ambao watoto hulala juu yake wakitazama maji yakipita chini yao, naye akacheka kwa upole, akasema kwamba mafundi wametoka kupaka rangi sitahani na bado haikanyagiki, lakini asijali, kwani hata mwanawe mwenyewe hupenda kulala papo hapo. Mwanawe! Fedha nimezililia mara moja tu, lakini neno hilo linaniwasha hadi leo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetenda fadhila, akaeleza kwamba familia ya Waaustria iliyokuwa imeishika wiki ile imejitoa, ndiyo maana kodi imeshuka hadi yuro 5,900, ilhali wakala wengine wote walikuwa wakitutajia zaidi ya elfu nane, na kwamba angetushikia nafasi hiyo hadi saa nne za usiku huohuo.

Mtu yeyote aliyekaa sebuleni mle angemwamini, kwa sababu bahari aliijua. Alimfundisha shemeji kwamba upepo uitwao maestral huvuma mchana wa kiangazi kutoka kaskazini-magharibi na ndio upepo wa raha kwa wenye watoto. Kwamba jugo hutoka kusini-mashariki ukileta mawimbi. Na kwamba bura ndio wa kuogopwa, kwa kuwa huteremka ghafla kutoka milimani na kupiga kwa mikupuo, hivyo atakaposikia unatajwa katika taarifa za hali ya hewa asing'oe nanga. Alitupangia njia nzima ya visiwani: usiku wa kwanza Šolta, kisha Hvar, kisha Vis, na kurudi kwa kupitia Brač ili watoto waogelee kwenye ufuo wa Zlatni Rat. Alisema tukienda kwenye pango la buluu la kisiwa cha Biševo tufike kwenye saa tano za asubuhi, kwa kuwa ndipo mwanga huingia kwa chini na kuyafanya maji yang'ae. Alijua hata kwamba Vis kilikuwa kisiwa cha jeshi la Yugoslavia, nchi ya zamani ambayo Kroatia ilikuwa sehemu yake, na kwamba wageni kutoka nje ya nchi hawakuruhusiwa kukaa huko hadi mwaka 1989. Yote hayo nimeyahakiki baadaye, na yote ni kweli, jambo linalonikasirisha zaidi. Mama yangu, ambaye baba yake alikuwa nahodha wa jahazi na aliyelelewa kwa habari za kaskazi na kusi, aliitikia kwa kichwa muda wote. Mtu anayezijua pepo kwa majina yake, wazee wetu walimhesabu kuwa mwanabahari, wala hawakumdai vyeti.

Na vyeti navyo alikuwa navyo. Mkataba ulikuwa wa lugha mbili, Kijerumani na Kikroatia, wenye mihuri na vifungu kuhusu mafuta, usafi na bima. Aliomba nakala za pasipoti zetu zote, za watoto pia, kwa ajili ya orodha ya mabaharia na abiria, na ni kweli kwamba sheria ya Kroatia inamtaka mwenye mashua ya kukodi aisajili orodha hiyo kwa njia ya mtandao kabla mashua haijaondoka. Sasa nakala hizo anazo yeye, na anazifanyia nini, Mungu ndiye ajuaye.

Malipo yalikwenda hivi. Desturi ya wakala halali ni kupokea arbuni, mara nyingi nusu ya kodi, na salio hulipwa wiki chache kabla ya safari. Amana ya kufidia uharibifu huwekwa siku ya kukabidhiwa mashua, kwa kadi, palepale bandarini. Huyu alisema kwamba kwa kuwa bei ni ya kuokoa wiki iliyoachwa, lazima zilipwe zote kwa pamoja, na kwamba tukitanguliza na amana ataipunguza iwe yuro 1,500 tu. Akataka uhamisho wa papo kwa papo, ule ambao fedha hufika kwa sekunde 10 na kuzirudisha ni shughuli. Benki zetu, ambazo tangu Oktoba 2025 zinalazimika kulilinganisha jina la mpokeaji na namba ya akaunti, zilituonyesha kwamba jina linakaribiana lakini halifanani kabisa. Nikamuuliza, naye akajibu bila kusita kwamba benki yake hufupisha majina marefu ya kampuni. Jibu lilikuwa na mantiki. Nikabonyeza.

Kule pwani mashua hubadilishana watu Jumamosi: waliomaliza huzirudisha kwenye saa tatu asubuhi, zikasafishwa, na wapya wakakabidhiwa jioni. Tulifika alasiri, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Split, na mashua tuliikuta. Jina lilelile, tezi ileile, imefungwa kwenye gati lilelile tuliloliona kwenye simu. Salma alikuwa ameshavaa jaketi lake la kuokolea maisha tulilomnunulia Hamburg, na alitangulia mbio akapanda lile daraja jembamba la kuingilia. Ndani akakutana na watoto wa watu wengine wakishusha matikiti maji jikoni. Baba yao akamshika mkono kwa adabu, akamrudisha kwetu. Binti wa ofisini aliusoma mkataba wetu, akauweka mezani, akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba mashua ni yao, picha ni zao, muhuri si wao, na kwamba sisi hatukuwa wa kwanza kiangazi hicho. Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku la nguo. Waliokuwa wakinywa kahawa kwenye sitaha za jirani walitutazama, kisha wakajifanya hawatutazami. Simu ya mtu wetu iliita, ikaita, ikazimwa. Habari ya vyumba vya kulala mjini Split, Jumamosi ya Agosti, siisimulii.

Mtu wa namna hii hafai kutozwa faini akaachiwa. Anayewaibia matajiri ni mwizi. Huyu anachagua familia zinazojikusanyia akiba kwa mwaka mzima, na anamdanganya mtoto machoni pake. Afungwe, mali zake zinadiwe, na picha yake itundikwe kwenye kila marina kuanzia Pula hadi Dubrovnik. Katika bahari hiyohiyo ya Adriatiki kuna kisiwa kitupu cha mawe kiitwacho Goli otok, ambako Yugoslavia ilianza mwaka 1949 kuwafunga watu wengi waliodhaniwa kumuunga mkono Stalin. Waliteswa huko watu wasiostahili hata siku moja ya kifungo. Leo magereza yake ni magofu, nami, Mungu anisamehe, nimelala nikiwaza kwamba chumba kimoja kingekarabatiwa kwa ajili ya bwana huyu.

Shemeji amesema niandike na dalili zake, kwa hiyo hizi hapa. Namba ya akaunti ya benki ya Kroatia huanza kwa herufi HR. Yake haikuanza hivyo. Kila kampuni ya kule ina namba ya utambulisho ya tarakimu 11 iitwayo OIB, na unaweza kuitafuta kampuni katika rejista ya mahakama ya nchi hiyo, ambayo ni ya wazi kwa wote. Katika mkataba wetu palikuwa na tarakimu tisa. Alidai pasipoti za watoto lakini hakuuliza hata mara moja leseni ya nahodha wala cheti cha redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, wakati mwenye mashua halisi huvitaka kabla ya mengine yote, kwa kuwa bila hivyo mashua haitoki bandarini. Hakukanyaga sitaha. Gati lile halina mlinzi, mtu yeyote aweza kuingia na simu yake. Kadi ya benki hakuikubali kwa namna yoyote.

Nimeshafungua shauri polisi, kule na hapa Hamburg, na benki imepeleka ombi la kurudishiwa fedha, ingawa yule karani hakunipa matumaini. Ikiwa umemlipa, au una ujumbe wake, sauti yake au ankara yenye akaunti yoyote, niandikie faraghani leo nikupe namba ya shauri letu ili ushahidi wako uunganishwe na wetu. Namba yake ya simu ameshaibadilisha. Kijerumani chake, na habari zake za mwanawe, nadhani bado ni zilezile.